Damu Kwenye Kona ya Tatu

Mtaimbo tuliuacha hewani Jumamosi iliyopita, na najua wapo wasomaji waliolala vibaya kwa ajili yake. Basi leo naushusha.

Corinna Goad aliushusha kwa mikono miwili, kwa nguvu za mwanamke anayegeuza magogo kwenye kiwanda cha mbao tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Aliulenga utosi wa Boyd Sutphin. Boyd alikuwa amechuchumaa anakaza nati za gurudumu, mgongo wazi, na kama angebaki vile hadithi yetu ingezikwa leo.

Lakini aliona kivuli kwenye mlango wa gari lake. Akapinda kichwa. Mtaimbo ukamchana sikio, ukapiga bega, ukaishia kwenye boneti ya gari namba nane na kuacha bonde la kunywea supu.

Boyd hakupiga kelele. Aliinuka huku damu inamtiririka hadi kwenye kola, akamtandika Corinna ngumi ya mdomo. Jino likatoka. Wakaanguka wote wawili kwenye kokoto, katikati ya matairi, na pale hapakuwa tena na mwanamke wala mwanamume. Kwenye uwanja wa Laurel Gap aliyevaa ovaroli ya dereva ni dereva, na anapigwa kidereva.

"Mbona hukupiga paa?" Corinna alimuuliza, magoti yake yamemkandamiza Boyd kifuani. "Lyle anapumulia mashine, na wewe hukupiga paa."

"Sikupiga kwa sababu sikumgusa."

"Mwoga wewe."

"Sikumgusa, Corinna. Alinijia mwenyewe."

Jibu hilo lilimpatia ngumi ya jicho.

Kwa anayetusoma leo kwa mara ya kwanza, nimsogeze karibu. Laurel Gap ni uwanja mdogo wa mbio za magari, lami ya mviringo yenye kona nne na ukuta wa zege, chini ya vilima vya Virginia. Magari hugusana pale kama ng'ombe langoni mwa zizi. Ndiyo maana ipo desturi moja ambayo hata walevi wanaiheshimu. Ukimgonga mwenzio akaharibikiwa, bendera ya njano ikipepea unatoa mkono dirishani na kulipiga paa la gari lako. Maana yake ni kwamba kosa ni langu. Unarudi mkiani, mwenzio anarudishiwa nafasi yake, na mbio zikiisha mnakula soseji pamoja. Asiyepiga paa hana rafiki mji mzima.

Wiki mbili kabla ya siku hii, Lyle, mdogo wake Corinna, aliingia ukutani kona ya tatu akavunjika shingo. Kila mtu aliiona pua ya gari la Boyd ikiwa imezama kwenye tako la gari la Lyle. Paa halikupigwa, na mji ukatoa hukumu yake kabla gari la wagonjwa halijafika hospitali.

Sasa turudi kwenye kokoto.

Corinna alikuwa ameshaupapasa tena ule mtaimbo, na vidole vimeufikia, pale wingu jeupe lilipomfunika. Boyd naye akafunikwa. Wakakohoa, wakaachana, wakapangusa macho. Alikuwa Bi Maxine Akers, mwenye uwanja, bibi wa miaka sabini na kitu, amekumbatia mtungi wa kuzimia moto kama mtoto wa kubebwa. Aliwamiminia unga ule mpaka wakawa weupe nyusi na kope.

"Boyd, kabandike hilo sikio," alisema. "Corinna, kateme hiyo damu mbali na kokoto zangu. Anayetaka kupigana akapigane kwa usukani. Atakayeinua tena mkono huku nyuma, hakanyagi hapa mpaka nife, na mimi sifi leo."

Siku nyingine angewafukuza wote wawili. Lakini jukwaa lilikuwa limefurika watu kutoka wilaya tatu, na hawakuja kwa ajili ya soseji.

Royce, kaka yake Boyd, alilibandika sikio la mdogo wake kwa utepe wa gundi uleule wanaofungia bampa. Royce ni jitu la kubeba makreti ya kuku, kimya, mwenye shingo nene kama kisiki. Alimgeukia Corinna.

"Mbwa wetu amepigwa risasi," alisema. "Mama yetu ametemewa mate mlangoni pa kanisa. Hatujamfanya mtu kitu, dada. Boyd ametuambia hakugusa, na Boyd hajawahi kunidanganya. Lakini leo umemchana sikio. Usiende mbali zaidi ya hapo."

Corinna alimjibu kwa kutema damu karibu na viatu vyake.

Chini ya turubai la akina Goad baba yake alikuwa anamsubiri na kitambaa na bakuli la maji. Mzee Vernon Goad aliendesha magari uwanja huu kwa miaka thelathini, na mgongo ulipomshinda akachukua kazi ya macho. Kazi hiyo nayo si ya mchezo. Dereva amefungwa mikanda, kichwa kimeshikwa na kiti, hawezi kugeuka kuona nani yuko ubavuni. Mtu wake husimama juu kabisa, kwenye jukwaa la chuma lililoinuka nyuma ya viti vya watazamaji, na kumwambia kwa redio kama kuna gari ndani, upande wa majani, au nje, upande wa ukuta, au kama pako wazi. Akisema pako wazi, unahama bila kuangalia. Ukianza kuangalia umeshachelewa.

Mzee alimsafisha binti yake mdomo. Mikono ilikuwa inamtetemeka hata maji yakamwagika kwenye ovaroli.

"Usiendeshe leo," alimwambia.

"Nimeng'oka jino, Baba, sijang'oka mguu."

"Mwache Boyd kwa Mungu."

"Mungu alikuwepo siku ile Lyle anagongwa. Hakupiga paa naye."

Corinna aliuchukulia mtetemeko ule kuwa ni uzee na huzuni. Wiki mbili wamekaa kando ya kitanda cha Lyle wameshikana mikono, wakimlaani Boyd kwa zamu. Hakuna mtu duniani aliyempenda siku zile kama alivyompenda baba yake.

Akamwambia wazi alilokusudia. Atamsubiri Boyd kona ya tatu, palepale, na atamtia ukutani kwa mwendo uleule. Akipona, apone. Akifa, afe.

"Na wewe utanisaidia," alimwambia. "Utaniambia yuko wapi. Hilo tu."

Mzee Vernon alivaa redio yake akaondoka kuelekea ngazini bila kumbusu, jambo ambalo hakuwahi kulisahau tangu binti yake aanze kuendesha. Corinna aliliona. Hakulitilia maanani, kwa sababu hasira ikishakaa kichwani haibakizi kiti cha kitu kingine.

Mchungaji alishika kipaza sauti akaombea usalama wa madereva wote. Kofia zilivuliwa. Boyd alisema amina, Royce alisema amina. Corinna alikuwa anakaza mkanda wa helmeti.

Jua la alasiri lilikuwa linawaka upande wa kona ya kwanza bendera ya kijani ilipoanguka.

Boyd alianzia mbele, Corinna alianzia mstari wa tano. Kati yao palikuwa na magari ambayo hayakuwa na hatia yoyote isipokuwa ya kuwepo njiani. La kijani alilisukuma kwa bampa mpaka likaingia majanini likizunguka. La njano lilijaribu kumbana ukutani, naye akalibana kwenye gari la ndani yake mpaka milango ikachanika na cheche zikaingia dirishani. Bendera ya njano ilipopepea, alitoa mkono akapiga paa mara moja kwa lile la kijani, kiungwana, akarudi mkiani, kisha akaanza upya kuwararua watu.

"Nje yako," Mzee Vernon alimwambia redioni. "Bado nje. Pako wazi."

Corinna akahama.

"Ndani. Ndani. Pako wazi."

Akahama tena. Hakuangalia hata mara moja. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi tangu akiwa msichana, na hivyo ndivyo alivyofanya kazi na Lyle.

Jukwaani karibu kila mtu alikuwa na kipokezi sikioni. Ni starehe ya huko. Unalipia tiketi, unakodi kidude, unasikiliza madereva na watu wao wanavyotukanana. Siku ya ajali ya Lyle hakuna aliyekuwa anawasikiliza akina Goad, kwani Lyle na Boyd walikuwa wanagombea nafasi ya tisa, na nani anasikiliza masafa ya mtu wa tisa? Leo jukwaa zima lilikuwa kwenye masafa ya Corinna. Mzee Vernon alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Boyd alimwona anakuja kwenye kioo. Hakuwa mwanakondoo. Walipoingia kona ya pili aligusa breki makusudi, Corinna akamparamia, pua ya gari lake ikakunjamana na mvuke ukaanza kutoka. Walipotoka kona ya nne Corinna alimlipa kwa kumgonga ubavuni mpaka Boyd akauparuza ukuta wote wa mbele. Watu walisimama. Sikio la Boyd lilikuwa limefunguka tena, damu imejaa dirishani upande wake, na bado aliushika usukani.

"Yuko wapi?" Corinna aliuliza. Jasho na damu vilikuwa vinamwingia machoni.

"Mbele yako. Gari moja."

"Nani yuko nyuma yangu?"

Akafinya tena kitufe cha redio.

"Baba, nani yuko nyuma?"

"Hakuna mtu nyuma. Corinna, nisikilize."

"Nisikilize wewe. Kona ya tatu, raundi hii. Niambie tu kama pako wazi."

Walikuwa wanatoka kona ya pili, njia nyoofu ya nyuma iko mbele yao, na mwisho wake ni kona ya tatu na ule ukuta wenye doa jeusi la gari la Lyle. Corinna alikanyaga mafuta mpaka chini. Bampa lake likakaribia la Boyd.

"Usimguse," Mzee Vernon alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Boyd hakumgonga Lyle. Mimi nilimwambia Lyle upande wa ukuta pako wazi. Hapakuwa wazi. Boyd alikuwa pale ukutani, sikumwona, niligeuza macho kidogo tu. Lyle akaniamini, akamwendea. Mimi ndiye niliyemvunja shingo mdogo wako."

Hapa, wasomaji wangu, ningependa kuwaambia kuwa kelele za injini zilikuwa kubwa na Corinna hakusikia vizuri. Wapo watakaotaka iwe hivyo. Nami nampenda Corinna, nimetembea naye tangu sura ya kwanza, lakini sitawadanganya. Alisikia kila neno.

Alisikia, na mguu wake ulikuwa juu ya mafuta, na ulikuwa na nafasi ya kutoka. Ni nafasi ndogo, ila dereva huishi kwenye nafasi ndogo kama hizo. Haukutoka. Alichohisi hakikuwa nafuu wala huruma. Aliona mikono ya baba yake imeshika mikono yake kando ya kile kitanda, akakumbuka laana walizozitoa pamoja, na hasira iliyokuwa ya Boyd ikapata mwenyewe. Lakini mwenyewe alikuwa mbali, juu ya jukwaa la chuma. Aliyekuwa karibu alikuwa Boyd.

Kitu kimoja alikiona asikielewe. Gari namba nane lilipunguza mwendo. Likasogea juu, karibu na ukuta, likamwachia njia yote ya ndani.

Akaligonga.

Lilipaa. Gurudumu la mbele liliukwea ukuta, tumbo la gari likaonekana na jukwaa zima, kisha likajibwaga kwa paa, likabiringika, likatupa boneti upande huu na mlango upande ule, likaburuzwa kichwa chini mpaka kwenye majani ya ndani. Likatulia. Kisha tangi likashika moto.

Bendera nyekundu. Magari yote yakasimama pale yalipo.

Sijui ni nini kilichomtoa Corinna garini. Mwenyewe hakujua. Alijikuta ameshafungua mikanda, ameshatoka dirishani, anakimbia na mtungi wake mdogo wa kuzimia moto. Boyd alikuwa ananing'inia kichwa chini, anayumba, mkono mmoja umegeukia upande usio wa mkono. Moto ulikuwa nyuma ya kiti chake. Corinna aliumwagia unga wote, ukarudi nyuma, ukaja tena. Akalala kifudifudi, akaingiza nusu ya mwili wake kwenye moshi, akatafuta kufuli la mkanda kwa kupapasa. Glovu ikashika moto. Hakuutoa mkono. Kufuli lilifunguka, Boyd akamwangukia shingoni, naye akamburuta kwa kola mpaka nyasi zilipokuwa baridi.

Watu wa uokoaji walifika wakamsukuma pembeni. Boyd alikuwa hai, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa hai akiwa katika hali ile. Macho yalikuwa wazi na yalimtazama Corinna. Alikuwa anajaribu kusema kitu, midomo inakwenda, sauti hakuna. Wakamfunika uso kwa barakoa ya hewa, wakampakia, mlango ukafungwa.

Corinna alibaki amepiga magoti. Ngozi ya kiganja ilikuwa inachuruzika. Aliinua macho akitafuta mtu, yeyote, wa kumwambia neno moja jema, na hapo akagundua kitu. Jukwaa zima halikuwa linatazama moto. Watu walikuwa wamegeuka nyuma, vichwa vimeinuliwa.

"Corinna."

Ilikuwa ndani ya helmeti, kwenye masafa yao. Haikuwa sauti ya baba yake.

"Corinna, tazama juu."

Watu wa macho husimama pamoja kwenye lile jukwaa la chuma, wa huyu bega kwa bega na wa yule. Royce ndiye aliyekuwa macho ya Boyd. Alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa Mzee Vernon alipokuwa anakiri. Sasa alikuwa amevaa redio ya mzee. Na mzee mwenyewe alikuwa upande wa pili wa kizuizi, nje, miguu inaelea, ameshikwa kwa mkanda wa suruali na mkono mmoja wa Royce. Chini yake kulikuwa na maegesho ya zege. Wenzao pale juu walikuwa wamerudi nyuma mpaka kwenye ngazi. Mmoja alikuwa anavuja damu puani, na hakuna mwingine aliyetaka kujaribu.

"Royce," Corinna alisema. "Mrudishe baba yangu ndani."

"Boyd yu hai?"

"Yu hai."

"Mzee alisema maneno yake, nikayasikia kwa masikio yangu, nipo hapa pembeni yake. Nikafurahi. Unajua nilifanya nini? Nikamwambia Boyd, yamekwisha, ameambiwa ukweli, punguza mwendo umpishe. Mpe njia ya ndani apite kwa heshima." Royce alivuta pumzi, na pumzi ile ilikwaruza kwenye kila kipokezi jukwaani. "Akanisikiliza. Boyd hunisikiliza. Mimi ndiye niliyempunguza mwendo ili ummalize."

Corinna alikumbuka gari namba nane likisogea juu, likimwachia njia. Akavua helmeti nusu akatapika, akaivaa tena kwa sababu redio ilikuwa humo.

"Nataka nijue jambo moja," Royce alisema. "Nitauliza mara moja. Maneno ya mzee yalikuingia kabla hujamgonga Boyd, au injini zilikuziba masikio ukaelewa baada? Kama ni baada, basi alichelewa. Wiki mbili alikuwa na nafasi ya kusema, akakaa kimya, na leo kachelewa tena, na kosa lote ni lake. Namwachia sasa hivi."

"Royce."

"Na kama ni kabla, niambie."

Jukwaa lilikuwa kimya kiasi cha kusikia moto ukila rangi ya gari. Watu waliompikia Corinna vyakula, waliomkumbatia kanisani, waliompiga risasi mbwa wa akina Sutphin kwa ajili yake, wote walikuwa wameweka mkono sikioni ili wasipitwe na neno. Akisema baada, alikuwa salama. Nani angembishia, na injini zilikuwa zinanguruma vile? Angekuwa dada mwenye uchungu aliyedanganywa na babaye, naye babaye angepasuka kwenye maegesho kabla hajashusha pumzi. Na sehemu fulani ya moyo wake, nasema bila aibu, ilitaka iwe hivyo. Ilitaka sana.

Mzee Vernon hakuwa anapigana. Alikuwa ananing'inia tu, kofia imeanguka, nywele chache za kichwani zinapeperuka, uso umeelekea kwa binti yake. Bila redio hakuweza kumwambia lolote.

Corinna alikifinya kitufe cha redio.

"Kabla," alisema.

"Sema tena."

"Nilimsikia kabla. Nilisikia yote, nikamgonga. Baba alisema mapema ya kutosha. Ni mimi."

Royce akamvuta mzee juu ya kizuizi kama anavyovuta kreti la kuku, akamtupa kwenye sakafu ya chuma. Mzee Vernon alijikunyata pale akalia kwa sauti, na kwa kuwa redio ilikuwa imefunguka, wilaya tatu zilimsikia akilia.

"Piga paa," Royce akasema.

Corinna alitembea mpaka kwenye gari lake. Mvuke ulikuwa unatoka puani mwake, bampa limefumka. Aliinua kile kiganja kilichoungua, kwa kuwa ndicho kilichostahili, akalipiga bati mbele ya watu wote. Ngozi ilibaki palepale. Hakuna aliyepiga makofi kama wanavyofanya siku zote mtu akikiri. Bwana mmoja wa mstari wa mbele, aliyemletea akina Goad kuni za bure tangu Lyle alazwe, alivua kipokezi chake taratibu akamgeuzia mgongo.

Royce alikuwa ameshaanza kushuka.

Aliziteremka ngazi za chuma bila haraka, akaingia katikati ya viti, na umati ukafunguka mbele yake. Mama mmoja alimbeba mtoto ili apite. Kijana wa polisi aliyesimama kwenye njia ya katikati aliangalia viatu vyake mpaka Royce alipompita. Mkononi Royce alikuwa na spana ndefu ya magurudumu. Aliichukua kwa nani, sikuona, na nadhani alipewa.

Corinna alivua helmeti akaiweka juu ya boneti. Alitazama huku na huko. Madereva wenzake walikuwa wamekaa ndani ya magari yao, injini zimezimwa, nyavu za madirisha zimefungwa. Hakuna aliyefungua.

Royce alifika kwenye uzio unaotenganisha watu na lami. Geti lilikuwa limefungwa, na kwa pumzi moja Corinna alidhani limemwokoa. Kisha akamwona Bi Maxine anakuja kwa mwendo wake wa kuchechemea, akitafuta ufunguo katika shada lake zima la funguo.

Bi Maxine alimfungulia Royce akaingia. Kisha bibi akamtazama Corinna kutoka mbali, akavuta geti, akalitia kufuli kwa nje.